Nchi Ambako Wimbo Haukatizwi

Katika nchi ya Sifani hakuna asiyeijua sheria hii, awe mzee au mtoto wa kubebwa mgongoni: amwimbiaye Mungu asikatizwe. Hakatizwi na mfalme, hakatizwi na mvua, hakatizwi na mkewe aliyekwisha kupakua chakula. Sheria imechongwa juu ya mlango wa kila kanisa na juu ya mlango wa kila nyumba, na wenye bidii zaidi wameichonga hata kwenye mizinga yao ya nyuki.

Wasifani husema kwamba ilitungwa na mababu zao zamani za dhiki, adui walipokuwa wakija na ngoma na matarumbeta kuivuruga ibada. Ilikuwa sheria njema, wala hakuna mtu wa haki atakayeikosoa. Mambo yaliyofanyika chini ya kivuli chake ndiyo yaliyompata Mzee Naftali Mghanga.

Huyu Mghanga alikuwa mzee wa kanisa kutoka milima ya Taita, mgane, mtu aliyenyooka, ambaye kola ya shati lake ilipigwa pasi hata siku ya kwenda shambani. Alikuwa amechoshwa na usharika wa kwao, ambako vijana walichelewa ibada na watu wazima walisinzia katika mahubiri. Aliposikia kwamba iko nchi ambako watu humwimbia Mungu tangu asubuhi hata jioni, alitaka kuiona kwa macho yake, ili akirudi awaaibishe wa kwao. Njia aliyopita si habari ya kusimulia. Waendao nchi za namna hiyo hufika tu.

Na mwanzoni aliona yote aliyoyatamani. Waliokuwa shambani waliimba, waliokuwa sokoni waliimba. Penye nyumba ya kwanza alisimama, akapiga hodi, akaomba maji ya kunywa. Mama mwenye nyumba alimtazama, akautazama mtungi, akafumba macho, akaanza kuimba. Alikuwa na sauti nzuri sana. Mghanga alivua kofia akangoja. Wimbo ulikuwa mrefu. Hatimaye akashika njia, koo limemkauka, huku akisema moyoni, "Hakika huyu ni mcha Mungu."

Nyumba ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Alipata mwenyeji kwa sababu alimkuta Anaeli, mwimbishaji wa kanisa kuu, amesimama uani na muhogo wa moto mdomoni, asiweze kuanza wimbo kwa haraka.

"Karibu, mgeni," alisema Anaeli alipokwisha kumeza, kwa kuwa mgeni alikwisha kuketi, naye hakuwa na budi.

Anaeli alikuwa mtu mnene na mpole, mwenye sauti iliyotikisa vikombe kabatini. Mkewe, Loisi, alikuwa mwembamba na mwenye maneno machache, nayo yote makali. Walimpa Mghanga chumba kisafi na maji ya kuoga, naye akamshukuru Mungu kwa kumfikisha.

Jioni, walipokuwa wamekaa barazani, jirani mmoja alikuja penye ua. Alikuwa mama wa makamo aitwaye Tabea, mfinyanzi, mwenye udongo mikononi.

"Hodi, Baba Anaeli! Jamani, chumvi imeniishia, na mboga iko jikoni!"

Anaeli alifumba macho akaimba. Tabea alisimama kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea, akaanza kuondoka. Mghanga aliona Loisi akiinuka polepole na kupotea nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa akijipangusa vidole vyeupe kwenye kanga.

"Wimbo huo ni mgeni kwangu, ndugu," alisema Mghanga ulipokwisha.

"Ule ni wa chumvi," akajibu Anaeli.

"Wa chumvi?"

"Naam. Mwomba chumvi huchoka kabla ya ubeti wa mwisho. Wa jembe ni mrefu zaidi, maana mwenye kuazima jembe ana subira, na anaweza kuketi chini akangoja. Na wa mgonjwa," hapo Anaeli alishusha sauti kwa heshima, "wa mgonjwa, Mzee, hauna mwisho. Kila kizazi huongeza beti zake."

Mghanga akakumbuka alichojifunza tangu darasa la misheni, kwamba amri kuu ni mbili, na ya pili yafanana na ya kwanza. Je, Wasifani hawana neno lolote kuhusu jirani?

"Tunalo!" Anaeli aliudhika kidogo. "Iko Sheria ya Pili. Iliandikwa na mababu walewale, siku ileile. Husomwa kanisani kila Jumapili, bila kukosa."

"Yasemaje?"

Anaeli alijikuna shingo. "Husomwa wakati sisi tunaimba."

Loisi, aliyekuwa ameingia jikoni, alicheka hata kifuniko cha chungu kikaanguka. "Mwulize vizuri, Mzee! Mimi nimezaliwa humu, nimebatizwa humu, nimeolewa humu, na sheria hiyo sijaisikia hata siku moja. Labda inatuamuru tufuge bata."

Siku chache baadaye Anaeli alimpeleka mgeni wake kwenye baraza. Mkuu wa baraza alikuwa Hezroni, Mpima Beti Mkuu wa nchi yote, mrefu, mkavu, mwenye unyasi mkononi wa kupimia mapigo ya nyimbo. Hapakuwa na mtu mwaminifu kuliko yeye. Hakupokea zawadi, hakumpendelea ndugu, na inasemekana aliwahi kumtoza faini mamaye mwenyewe kwa kupiga chafya katikati ya kiitikio.

Shauri la siku hiyo lilimhusu mtu aliyeunguliwa nyumba. Alidai kwamba jirani yake alikuwa ameketi karibu kabisa na ndoo iliyojaa maji, asiinuke. Jirani akajitetea kwamba alikuwa akiimba.

"Hakuwa akiimba!" alilia aliyeunguliwa. "Mdomo ulikuwa umefungwa!"

"Nilikuwa nikivumisha sauti puani."

Basi wazee wakajadiliana kama kuvumisha puani ni kuimba. Mmoja alisema ni kuimba iwapo midomo inatetemeka. Mwingine akataka kujua hukumu ya mtu asiye na midomo minene. Wa tatu akauliza habari ya mtu aliyelala na kitabu cha nyimbo kifuani, kama usingizi wake ni sifa au ni usingizi. Wakaitana "mheshimiwa" na "mpotoshaji" kwa zamu. Mwisho Hezroni aligonga unyasi wake, akatoa hukumu: kuvumisha ni kuimba, na aliyeunguliwa atalipa kuku kwa kumkatiza mwenzake kwa kelele za "moto, moto."

Mtu yule alitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na malengelenge, akaenda kutafuta kuku.

Siku hiyo Mghanga hakula chakula cha mchana. Alijiambia kwamba ni joto.

Ikafika Sikukuu ya Mavuno, siku ya Wimbo Mkuu. Wimbo huo huanza jua likiwa bado dogo na kuendelea hata alasiri, na mwimbishaji akiuongoza tangu mwanzo hata mwisho bila kukatika, huvikwa joho jeupe, ambalo hulivaa maisha yake yote na kuzikwa nalo. Anaeli alikuwa amelitamani joho hilo tangu ujana wake. Ukikatika mikononi mwake, hataliona tena.

Asubuhi hiyo, kabla hawajafunga mlango, Tabea alikuja mbio, bila udongo mikononi.

"Baba Anaeli! Mama Loisi! Ni Damari!"

Damari alikuwa binti yake wa pekee, naye alikuwa mjamzito. Tabea alieleza kwa pumzi za kukatika kwamba uchungu ulimshika tangu jana, kwamba mtoto amekaa vibaya, na kwamba mkunga ameinua mikono. Yawapasa wampeleke ng'ambo ya mlima, kwenye nyumba ya wauguzi, kabla nguvu hazijamwisha. Machela iko tayari. Lakini machela yataka mabega manne, na mwenye bega nyumbani kwao ni mumewe Damari peke yake. Nyumba zote alizopita, watu walikuwa wakiimba.

Anaeli alimtazama mkewe. Alimtazama jirani yake. Mghanga aliona kitu kikipita usoni pake, kama mtu aliyeguswa begani kwenye giza. Kisha akafumba macho, akaanza kuimba wimbo wa mgonjwa, akaenda akiimba mpaka kanisani. Loisi akamwambia Tabea, "Nenda mbele ya mlango wa kanisa, mwenzangu wee, uite. Ita kwa nguvu. Nami nitakuwa ndani, karibu na mlango."

Kanisa lilijaa. Mghanga, kwa kuwa ni mgeni wa heshima, aliketishwa mbele, karibu na meza ya msomaji. Wimbo Mkuu ulipoanza, ngozi yake ilisisimka. Hakuwahi kusikia uzuri wa namna ile duniani. Kuta zenyewe zilikuwa kama zinaimba.

Ndipo sauti ya Tabea ilipoingia kutoka nje, vipande vipande, kama kitambaa kinachochanwa. "Baba Anaeli... mwanangu... mabega..."

Watu wakapandisha sauti. Hawakupandisha kwa ubaya. Walipandisha kama vile mtu anavyovuta blanketi anaposikia baridi. Na Mzee Naftali Mghanga, mzee wa kanisa, aliyekuja kutafuta wacha Mungu, akafungua kinywa chake akaimba pamoja nao.

Alistaajabu jinsi ilivyokuwa rahisi. Palikuwa na joto ndani ya wimbo ule, na utulivu, na sauti ya nje ikawa ndogo, ikawa kama ya mdudu. Akiimba alijiona mwema. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba hakuona haya hata kidogo. Aliona utamu.

Akafunga kinywa. Na kwa kuwa amekifunga, akayageuza macho, akamwona msomaji mbele yake amesimama na ubao wa mababu mikononi, akisoma. Midomo ilikuwa ikienda. Alikuwa kikongwe wa kike, na kwa uso wake alionekana hatarajii kusikiwa na mtu, maana alikuwa amesoma hivyo Jumapili zote za uzee wake. Mghanga aliinama, akasogeza sikio karibu na midomo ile.

"Uitwapo na jirani yako," alisoma kikongwe, "inuka uende, maana mimi uniimbiaye ndimi nikuitaye."

Mghanga alisimama. Alikuwa mtu wa kutii sheria, tena aliijua ile iliyoandikwa juu ya mlango. Alivuta kola yake ikakaa sawa, akapaza sauti aliyokuwa akiitumia kuwakemea wanaosinzia:

"Anaeli! Jirani yako anakuita!"

Wimbo ukakatika.

Ukimya ulioingia kanisani haukuwa umeonekana Sifani tangu siku za adui. Watoto wakashika nguo za mama zao. Na katika ukimya ule, Tabea akasikika waziwazi kutoka nje, akiwa sasa amechoka, hata hapazi sauti: "Jamani, ni mtoto wangu."

Kikongwe, ambaye kwa uzito wa masikio yake hakujua kwamba watu wamenyamaza, aliendelea kusoma. Akairudia Sheria ya Pili tangu mwanzo, kama ilivyokuwa desturi yake, na kila mtu akaisikia.

Anaeli alisimama penye mimbari, mdomo wazi. Joho jeupe lilikuwa limetandazwa mbele yake juu ya kiti. Alilitazama. Kisha akashuka, ngazi moja moja, kama mtu mzito ashukavyo majini, akatoka nje akipita katikati ya watu waliobaki wameketi. Mghanga akamfuata. Loisi alikuwa tayari mlangoni, amejifunga kanga kiunoni.

"Bado bega moja," alisema Anaeli.

"Na hili ni la mbuzi?" akajibu Loisi, akijipiga begani.

Walimbeba Damari, mumewe na Anaeli mbele, Mghanga na Loisi nyuma, Tabea akitangulia na kibuyu cha maji. Hawakuwa wamefika hata ukingo wa mji Hezroni alipowapata, unyasi mkononi, uso umempauka kwa hasira ya haki.

"Anaeli! Nakukamata kwa jina la—"

Wakati huo Damari aliushika mkono wa Anaeli kwenye mti wa machela. "Baba," alisema kwa shida, "imba. Ukiimba nitapata mahali pa kushika."

"Sistahili, binti yangu. Nimeukata Wimbo Mkuu."

"Imba tu, Baba."

Anaeli akaimba. Aliimba taratibu, kwa mwendo wa miguu, akivuta pumzi palipo na jiwe na kushusha sauti palipo na mteremko. Hezroni akafunga kinywa chake. Sheria ni sheria: amwimbiaye Mungu asikatizwe. Akawafuata kando ya njia, akingojea wimbo uishe ili amkamate.

Haukuisha. Anaeli alikuwa mwenye kujua beti nyingi kuliko mtu yeyote katika nchi ile, na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa na mahali pa kuzitumia zote. Ulikuwa ndio wimbo wa mgonjwa, wenye beti za vizazi, ila sasa mgonjwa alikuwa ndani yake. Wakapita mashamba ya mtama. Wakaingia msituni. Hezroni alitembea pembeni, akipiga mapigo kwa unyasi wake bila kujijua.

Penye mwinuko mkali Loisi aliteleza, goti likapiga mwamba. Machela ikainama, Damari akapiga ukelele. Hezroni alitazama huku na huku, kama mtu anayetafuta kifungu katika kumbukumbu zake. Hakupata kifungu kinachomkataza Mpima Beti kubeba machela. Aliulaza unyasi wake miguuni pa Damari, akaingiza bega mahali pa Loisi.

"Sogea, mama," alisema. "Unachelewesha ubeti."

Nyumba ya wauguzi iliwapokea bila maswali mengi. Walikaa nje, juu ya magogo, wamelowa jasho, Anaeli akiimba kwa sauti iliyobaki kama ya mtu mwenye mafua. Jua lilikuwa linainamia mlima alipokoma mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na sauti tena. Hezroni akasimama, akajikung'uta vumbi, akafungua kinywa ili atamke mashtaka.

Ndani mtoto akalia.

Hezroni alifunga kinywa. Akaangalia mlango. Akamgeukia Loisi, ambaye ndiye aliyekuwa karibu.

"Huyo naye anaimba?" akauliza, kwa unyofu kamili.

"Wewe ndiwe mpimaji," alisema Loisi, machozi yakimtoka. "Pima."

Damari aliishi. Mtoto aliishi, msichana, mwenye mapafu ya kutosha kuongoza kwaya.

Hata hivyo wimbo ulikuwa umekatika, na Hezroni hakuwa mtu wa kujifanya hakuona. Baraza lilikutana. Wengine walitaka kusamehe, wengine walitaka kusahau, na Anaeli mwenyewe akasema hataki lolote kati ya hayo mawili. Adhabu ya kukatiza Wimbo Mkuu yajulikana: mkosaji husimama nje ya mlango wa kanisa, kimya, kila siku ya ibada, mpaka sikukuu itakayofuata. Joho likarudishwa sandukuni.

"Mgeni anaweza kwenda zake," alisema Hezroni. "Sheria haimfungi."

"Sheria niliisoma juu ya mlango nikiingia," alijibu Mghanga. "Nilikatiza nikijua ninalofanya, na ningekatiza tena. Mlango wenu una miimo miwili. Nitasimama kwenye huu wa kushoto."

Basi wakasimama, mmoja huku na mmoja huku, wamenyamaza, na nyimbo zote nzuri za Sifani zikapita masikioni mwao kuelekea nje. Kwa Anaeli ilikuwa uchungu. Mara nyingi Mghanga aliona koo lake likienda bila sauti.

Lakini asimamaye nje husikia ya nje. Walisikia mzee akiita kwamba kuni zimemlemea, wakaenda. Walisikia mama mgonjwa akiomba maji, wakaenda. Hawakuwa na wimbo wa kujifichia. Siku moja Anaeli alirudi mlangoni na matope mpaka magotini, na waliokuwa ndani, walioketi viti vya nyuma, wakamwona. Ibada iliyofuata mmoja wao alitoka wakaenda watatu. Baadaye viti vya nyuma, vilivyokuwa vikidharauliwa, vikaanza kugombewa. Yule aliyeunguliwa nyumba alijengewa, na aliyemwekea udongo ukutani alikuwa jirani yake mwenye kuvumisha puani. Alifanya kazi kimya. Walipomtania avumishe kidogo, alisema midomo yake inauma.

Hapo likazuka swali barazani: kama watu wakitoka na kuingia, je, wimbo haukatiki? Wazee wakaitana tena "mheshimiwa" na "mpotoshaji." Hezroni aliwasikiliza wote, akauzungusha unyasi wake vidoleni muda mrefu.

"Mwimbaji huvuta pumzi kati ya ubeti na ubeti," alisema. "Pumzi si kukatika. Wala sikuona popote ambapo mababu walisema pumzi iwe fupi."

Sikukuu ya Mavuno ikarudi. Watu wakiwa ndani, Hezroni alitoka mlangoni, akawatazama wale wawili, akanena kwa sauti ya kazi yake: "Anaeli, Naftali, adhabu yenu mmeitumikia yote. Hamdaiwi kitu. Ingieni."

Waliingia. Damari alikuwapo na bintiye mgongoni, na Loisi kando yake. Kikongwe aliusoma ubao kwanza, watu wakiwa wamenyamaza. Kisha Anaeli akapanda mimbarini bila joho, akauanzisha Wimbo Mkuu kwa sauti iliyokaa bila kutumika tangu mavuno yale, nayo ilikuwa na mikwaruzo, na Mghanga alilia waziwazi wala hakujali kola yake.

Ubeti wa kwanza ulipokwisha, wote walivuta pumzi, pumzi ndefu. Kanisa likatulia. Kutoka bondeni, mbali kidogo, Tabea, aliyebaki nyuma kuepua chungu, alisikika akiita kama mtu aliye na wa kumwitikia: "Jamani, nani ana chumvi?"

Aliyekuwa karibu na mlango ni Hezroni. Alitazama juu, akanung'unika neno ambalo halikusikika, akauweka unyasi wake juu ya kiti, akatoka.

Wimbo ukamngoja.